Subaru haina kosa, tuulizeni sisi wenye laptopu

Najua nimepotea. Kazi za wateja zilinibana mpaka nikasahau nywila ya kuingilia humu, he he. Leo siandiki kuhusu simu wala programu mpya. Leo ni gari, na nina hasira kidogo, kwa hiyo nivumilieni.

Juzi nilikuwa kwa kinyozi hapa Kisii, upande wa Daraja Mbili. Mazungumzo yakaingia kwenye magari kama kawaida. Mzee mmoja alikuwa anatafuta gari la kumnunulia mwanawe, vijana wakaanza kumshauri, na mmoja akatoa hukumu: "Mzee, Subaru usiguse. Injini zake zinanoki. Ile Forester nyeusi ya Kebirigo si ilikufa ikipanda mlima tu?" Wote wakatikisa vichwa. Mimi nikaangalia sakafu. Forester nyeusi ya Kebirigo naijua vizuri sana. Niliiua mimi.

Nitafika huko. Kwanza tuiongelee injini yenyewe, maana watu wengi wanaoitukana hawajui hata jina lake.

Inaitwa EJ20. Ilianza kwenye Subaru Legacy mwaka 1989, ikaingia kwenye Impreza WRX mwaka 1992, na ikaendelea kutengenezwa kwa miaka thelathini hivi. Mwaka 2019 Subaru walitangaza WRX STI 555 za mwisho za kuiaga, kwa soko la Japani peke yake. Ina silinda nne zilizolala, mbili kushoto na mbili kulia, pistoni zikirushiana ngumi kama mabondia. Ujazo ni sentimita za ujazo 1,994. Kipenyo cha silinda ni milimita 92 na mwendo wa pistoni ni milimita 75, yaani silinda pana na fupi, umbo la injini inayopenda kuzunguka haraka. Kwenye Forester ya turbo ya Japani, ile tunayoita SG5, ilitoa nguvu farasi 220. Kwenye STI za mwisho ilifika 308.

Injini hiyo hiyo, ikiwa imeandaliwa na Prodrive wa Uingereza, ndiyo iliyompa Colin McRae ushindi wa Safari Rally mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000. Hapa hapa Kenya, kwenye vumbi na matope yetu. Kwa hiyo mtu akiniambia injini hii haiwezi barabara za Kenya namuuliza, barabara ipi hiyo? Ya Kisii kwenda Keroka ni mbaya kuliko ya Safari?

Najua jibu lenu: gari la mashindano lina kundi la mafundi nyuma yake. Sawa kabisa. Shikilieni hilo jibu.

Jambo la pili. Sifa mbaya ya Subaru mnayoisoma kwenye intaneti kwa sehemu kubwa si ya EJ20. Ni ya ndugu yake mkubwa EJ25, ya lita 2.5, iliyouzwa sana Marekani na ikajulikana kwa kuvujisha hedi gasketi. Subaru walipotaka lita 2.5 walipanua silinda kutoka milimita 92 hadi 99.5 ndani ya bloku ya ukoo ule ule. Chuma kilichobaki kati ya silinda na silinda kikapungua. Mmarekani analia kuhusu injini yake, sisi tunaokota kilio chake tunamvika Mkisii mwenye injini nyingine. Ni kama kusoma hitilafu za toleo la 2.5 halafu ukakataa kutumia toleo la 2.0.

Haya, sasa Forester nyeusi.

Ni ya mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Wale wa Kiswahili sanifu watasema binamu, lakini kwetu Wagusii mtoto wa dada ya mama ni ndugu, basi. Aliinunua mwaka 2023 kwa mkopo wa sako. Wadhamini walikuwa walimu wenzake watatu pamoja na mama yake. Siku za juma anaenda nayo shuleni, Jumamosi anaikodisha kwa harusi na mazishi. Gari likamlipa vizuri kwa mwaka mzima, hakuna moshi, hakuna kelele.

Agosti 2024 akanijia. "Mkubwa, wewe umesoma kompyuta. Nasikia siku hizi nguvu inaongezwa kwa laptopu tu."

Angekuja kwa fundi angeambiwa hapana. Alikuja kwangu, na mimi nikasikia sifa ikiitwa. Kompyuta ya injini ya gari lile inasomeka na kuandikika kupitia soketi iliyo chini ya usukani. Programu za kusaidia kazi hiyo zipo wazi, kama RomRaider, mtu yeyote anapakua bure. Waya niliagiza. Faili nililipata kwa jamaa mmoja mtandaoni, dola chache tu, likiitwa la hatua ya kwanza. Jina la faili lilikuwa na namba 98 mwishoni. Mimi, mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta, nikadhani 98 ni namba ya toleo. Nikafurahi hata, nikasema jamaa huyu anafanyia kazi faili lake kwa bidii, amefika toleo la 98.

Ilikuwa ni okteni.

Kwa wasiojua: okteni ni kipimo cha jinsi petroli inavyovumilia kubanwa bila kujilipukia yenyewe. Ndani ya silinda unataka moto uanze kwenye plagi na kusambaa kwa mpangilio, kama moto wa shamba unaoanzia kona moja. Petroli yenye okteni ndogo ikibanwa sana na kupata joto, kona nyingine inajilipukia kabla moto haujafika. Milipuko miwili inakutana. Pistoni inapigwa kama kwa nyundo. Japani petroli ya daraja la juu kwa sheria haishuki chini ya okteni 96, na kwenye vituo vyao hukaribia 100. Magari haya ya turbo yalitengenezwa kunywa hiyo. Super ya kawaida tunayonunua Nyamira haifiki huko. Kwa hiyo hata kabla mimi sijagusa kitu, gari lilikuwa tayari linaishi kwa kujinyima, na kompyuta yake ndiyo iliyokuwa inaligawia riziki.

Na hapa ndipo ninapotaka watu wa kompyuta wanisikilize. Kompyuta ile ina sikio, sensa moja iliyofungwa juu ya bloku. Ikisikia mlipuko wa aina ile inachelewesha cheche, na inaandika. Ina namba moja inayoitwa IAM, inayotoka sifuri hadi moja, ambayo unaweza kuiita kiwango cha imani. Moja maana yake naamini petroli hii. Ikisikia nyundo tena na tena inashusha imani. Hakuna taa inayowaka kwenye dashibodi. Namba inashuka kimyakimya na gari linakuwa zito.

Wiki tatu baada ya kuweka faili, mdogo wangu alinipigia akasema gari limekuwa zito, hasa mchana wa jua. Nikamwambia atakuwa amebeba watu wengi. Waya ulikuwa kwenye mkoba wangu wakati nasema hivyo.

Jumamosi moja ya Desemba, akitoka Kebirigo na watu watano wa harusi, akipanda kuelekea Nyamira, moshi wa buluu ukajaza barabara na injini ikaanza kutetemeka. Wageni wa harusi wakashuka, wakapanda Probox iliyokuwa inapita. (Probox ile ilikuwa tayari na watu saba. Mnaijua Kisii yetu.) Nilipofika jioni nikachomeka waya kabla hawajachomoa betri. IAM ilikuwa 0.31. Gari lilikuwa limeshaacha kuniamini kitambo, na lilikuwa limeniandikia.

Fundi alipofungua alikuta pistoni moja imepasuka ule ukingo unaoshikilia ringi. Akasema, "Imenoki." Nikamuuliza beringi za kranki zikoje. Akazikagua, akasema ziko sawa.

Simama hapo kidogo, kwa sababu neno hili linatudanganya. Kwenye gereji zetu "kunoki" ni injini kugonga kwa sababu beringi za kranki zimekwisha, mara nyingi kwa kukosa oili. Kwenye kompyuta ya gari "noki" ni ule mlipuko wa nyundo wa petroli. Ni magonjwa mawili, lenye jina moja. La pili likiendelea linaweza kuzaa la kwanza, lakini dawa zake ni tofauti. Mtu wa beringi ungemwambia akague oili. EJ20 hubeba takriban lita nne, na kati ya alama ya juu na ya chini ya kijiti kuna karibu lita nzima. Maana yake kijiti kikifika alama ya chini umepoteza kama robo ya damu, na turbo inakunywa oili hiyo hiyo. Lakini mdogo wangu alikuwa anakagua oili kila Jumapili kabla ya kanisa. Oili ilikuwa safi. Injini yake iliuawa na faili.

Halafu kuna mlima. Hili nililijua kwa fizikia ya kidato cha tatu na bado sikuliwaza. Mji wa Kisii uko kama mita 1,700 juu ya bahari, na Nyamira na Keroka ziko juu zaidi. Kwa mita 1,700 shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu tano moja ya nguvu yake, inakubali unyonge, maisha yanaendelea. Turbo haikubali. Ukiiamuru ifikishe shinikizo fulani kwenye silinda itakimbia mpaka ilifikishe. Chukua mfano wa kilopaskali 180. Ukiwa Mombasa turbo inazidisha hewa mara 1.8 hivi. Hapa kwetu inabidi izidishe karibu mara 2.2. Hewa ikikandamizwa zaidi inapata joto zaidi, na hewa ya moto ndiyo inayoita nyundo.

Wahandisi wa Subaru walilijua hilo. Ndani ya kompyuta kuna jedwali linalopunguza msukumo wa turbo kadiri unavyopanda juu. Nililitafuta jedwali hilo kwenye faili nililonunua, baada ya maafa. Lilikuwa limejazwa sifuri tupu. Aliyelitengeneza labda anaishi kando ya bahari mahali fulani, na petroli ya 98 iko mtaani kwake. Faili lake halikuwa na kosa hata moja kwake. Sisi watengeneza programu tuna utani wa zamani kwamba kwenye mashine yangu inafanya kazi. Basi ndiyo hiyo, ila mashine yangu mimi inapita Kebirigo.

Najua kuna watakaosema dawa ni kununua Probox tu. Sina ugomvi na Probox. Injini yake 1NZ-FE ni ya sentimita za ujazo 1,496 na nguvu farasi 109, ina cheni badala ya mkanda, na inakubali mateso. Lakini fanyeni hesabu. Probox inaombwa nguvu 73 hivi kwa kila lita. Forester ile, kabla sijaigusa, 110. STI ya 308 inaombwa 154, zaidi ya mara mbili ya Probox. Punda anayebeba debe moja atadumu kuliko anayebeba mawili, na hakuna anayeshangaa, hakuna anayesema punda wa pili ni mbovu. Anayebeba mawili anahitaji majani mazuri na mtu wa kumwangalia kwato. Hao ndio mafundi wa McRae mliowataja pale juu. Mlijua wenyewe kwamba injini ile inataka uangalizi, kisha mkainunua kwa kusoma mstari mmoja wa vipimo, ule wa nguvu farasi.

Mistari mingine mbona hatuisomi? Mkanda wa taimingi, ambao Subaru wanataka ubadilishwe kila kilomita 100,000 hivi, na ukikatika kwenye injini hizi za turbo pistoni inakutana na vali. Mita inaonyesha 92,000 na mwenye gari anasema bado nina 8,000, wakati kila mtu sokoni anajua mita hurudishwa nyuma. Kichujio kidogo kama ukucha kilicho ndani ya bolti inayopeleka oili kwenye turbo, ambacho kikiziba turbo inakufa na kutema vyuma. Ni mafundi wachache niliowauliza Kisii waliowahi kukitazama. Na umri. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka minane, kwa hiyo SG5 zote tulizonazo ziliingia zamani tayari zikiwa zimetumika, na leo ya mwisho kabisa ina zaidi ya miaka kumi na mitano. Hizo ni injini za watu wazima. Mtu mzima humwongezei mzigo kwa sababu umepata faili.

Lakini hasira yangu kubwa haiko kwa madereva. Iko kwetu. Kuna vijana siku hizi, Nairobi, Eldoret, na sasa hapa Kisii, wanaotangaza kuongeza nguvu kwa laptopu kwa dakika ishirini. Nawafahamu wengine, ni watu wazuri, wengine nimesoma nao. Nawauliza maswali ambayo mimi sikujiuliza. Ukiandika faili kwenye gari la mtu, unasoma kumbukumbu zake kabla? Unazisoma baada, ukipanda nalo mlima na mzigo, mchana? Unamwambia mwenye gari faili lilitengenezwa kwa petroli gani? Unamhifadhia faili la awali ili akitaka kurudi arudi? Kazini kwetu hakuna anayethubutu kuweka toleo jipya kwenye seva ya mteja siku ya Ijumaa bila nakala na bila kuangalia logi, tena seva ikianguka unaiwasha upya. Pistoni haiwashwi upya. Halafu usiku huo huo tunaenda kwenye gari la mwalimu lenye mkopo wa sako, tunaandika, tunapiga picha, tunaondoka.

Na injini ikifa, fundi anasema imenoki, kinyozi anasema Subaru ni mbovu, na mwenye laptopu hatajwi. Mimi sikutajwa. Mwaka mzima nimesikia hadithi ya Forester nyeusi ikisimuliwa, sijawahi kusikia jina langu ndani yake. Mafundi wa gereji angalau wakikosea mteja anarudi kupiga kelele mlangoni. Kosa letu sisi halina mlango.

Kuna aliyeniambia nisijilaumu, injini ilikuwa kuukuu, ingekufa tu. Huenda, siku moja. Lakini ilikuwa imepanda mlima ule ule kwa zaidi ya mwaka na petroli ile ile kabla ya faili langu, na hiyo namba ya 0.31 haikuandikwa na uzee.

Injini nyingine tuliipata Nairobi, Kirinyaga Road, pale wengi bado wanapaita Grogan. Shilingi 185,000 pamoja na kufunga. Mama mdogo aliuza ng'ombe wa maziwa ili marejesho ya sako yasikwame na wale walimu watatu wasikatwe mshahara. Nimekuwa nikimlipa kidogo kidogo. Safari hii nilipima mgandamizo wa silinda zote nne kabla ya pesa kutoka mfukoni, muuzaji akanuna, nikamwacha anune. Kompyuta nilirudishia faili la kiwandani, na kila mwezi nachomeka waya. Mara ya mwisho ilikuwa 0.94 na gari linapanda Kebirigo bila maneno.

Kwa hiyo tangazo. Kama uko Kisii au Nyamira na una Subaru ya turbo ambayo kijana fulani aliiandikia faili, niletee Jumamosi asubuhi, karibu na Nyanchwa, nitakusomea kumbukumbu zake bure. Njoo na petroli ile unayotumia siku zote, usinunue ya bei ghali kwa ajili ya kunifurahisha. Kusoma nasoma. Kuandika siandiki tena, hata ukiniita mkubwa.

Na yule mzee wa kwa kinyozi, kama kuna anayemfahamu, naomba amwambie anitafute kabla hajanunua.